Uliza Fundi wa Boti: Mrija wa brasi unavuja, nipake silikoni au niutoe?

SWALI

Habari za kazi mzee fundi. Mimi niko Majanji huku Busia, nina boti ndogo ya faiba ya futi 16, niliinunua imeshatumika, ilitokea pwani huko Mombasa ikaletwa na lori, nabebea abiria na mizigo na enjini yake ni ya nguvu farasi 40. Sasa pale nyuma chini kabisa kuna kale kamrija ka shaba ka kutoa maji, na kengine kako juu yake kwenye kile kisanduku cha enjini. Haka ka chini mdomo wake umepasuka, na pembeni yake panatoka maji ya rangi ya chai kavu hata siku mbili baada ya kuivuta boti nchi kavu. Jamaa mmoja hapa mwaloni ananiambia nipake silikoni niendelee na kazi, mwingine anasema nikate kipande cha paipu ya PVC ya maji ya nyumbani nigongee humo, na fundi wa kuchomelea anasema yeye atauziba mpasuko hapo hapo botini bila kuutoa. Alafu mbona shaba yenyewe imekuwa kama ya waridi, wakati ile ya juu bado ni ya njano? Nisaidie mzee, hiyo boti ndiyo inalisha nyumba yangu.

Mwenye boti, Majanji

JIBU

Ndugu yangu, hayo maji ya rangi ya chai ndiyo yamefanya nianze na barua yako kabla ya zingine zote. Mpasuko wa mdomo ni kitu kidogo, hayo maji si kitu kidogo.

Ngoja nikueleze huo mrija uko pale kwa sababu gani, maana wengi wanadhani kazi yake ni kutoa maji. Maji yangetoka hata kwa tundu tupu. Ukuta wa nyuma wa boti yako, pale enjini inaponing'inia, si faiba tupu, ni ngozi mbili za faiba na katikati yake kumewekwa plaiwudi ili ibebe uzito wa enjini, na boti nyingi ndogo za aina hiyo zina foma pia kati ya sakafu na bodi. Siku kiwandani walipotoboa tundu la maji walikata ngozi zote mbili na ile mbao ikabaki wazi kwenye kuta za tundu, ndio maana wakapitisha mrija mwembamba wa brasi kutoka ngozi hii mpaka ngozi ile, wakakunja midomo huku na huku na oringi, yaani pete ya mpira, chini ya kila mdomo, ili maji yapite bila kuigusa mbao. Kazi yake ni kuilinda mbao. Sasa mdomo ukipasuka au mrija ukitoboka katikati, kila unapotoa maji unaimwagilia mbao kama bustani, na mbao ikishaloa maji yanatoka yamechukua rangi yake, kama majani ya chai yanavyofanya ndani ya birika. Ndicho unachokiona kinatiririka baada ya siku mbili.

Hiyo rangi ya waridi nayo ina maana yake. Brasi ni mchanganyiko wa shaba nyekundu, ile mafundi wanaiita kopa, na zinki. Ikikaa sana kwenye maji, hasa ya chumvi, na boti yako umesema ilitokea baharini, zinki inaliwa taratibu inatoka na kinachobaki ni kopa peke yake yenye vitundu vitundu kama sponji. Ukiitazama kwa mbali bado ina umbo la mrija ila nguvu haina. Chukua ncha ya bisibisi uukwaruze ule mdomo, utaona unamong'onyoka kama biskuti badala ya kukwaruzika kama chuma. Ziwa letu Viktoria ni maji baridi kwa hiyo huku ugonjwa huo unaenda polepole, lakini ukishaanza hauponi, na ukiwa na waya wa betri unaovujisha umeme kwenye maji ya chini ya sakafu unaenda mbio. Angalia waya zako. Na wa juu usiuamini kwa sababu tu ni wa njano, ukwaruze na wenyewe.

Sasa ushauri wa hao jamaa watatu. Fundi wa kuchomelea umwambie asante, asiguse. Moto kwenye faiba na foma ni hatari, moshi wa foma ikiungua ni sumu, na pale pale pana mvuke wa petroli, na hata akifaulu atakuwa amechomelea sponji. PVC ya nyumbani si mbaya kwa dharura, lakini gundi haishiki vizuri kwenye ule ulaini wake na pia haikunji mdomo, kwa hiyo siku moja kile kizibo cha mpira unachozibia mrija kitaisukuma nusu milimita na maji yatapata njia kwa nyuma bila wewe kuona. Silikoni ndiyo inaniuma zaidi kwa sababu ndiyo rahisi. Nilishawahi kuipaka mimi mwenyewe, miaka mingi nyuma, kwenye boti ya mtu aliyekuwa na haraka, ikakaa kavu kwa nje vizuri kabisa, na kwa ndani maji yakakosa pa kutokea, mbao ikaoza ikiwa imefungiwa. Kuja kugundua ni pale enjini ilipoanza kutikisa ukuta wa nyuma. Yule mzee alilipa kazi mara kumi ya ile ambayo tungefanya siku ile, na mpaka leo nikikutana naye najisikia vibaya. Tena silikoni ikishapita mahali inaacha mafuta ambayo hakuna resini itakayoshika hapo mpaka usugue mpaka uchoke.

Kwa hiyo utoe. Lakini kabla ya kununua chochote, pima mbao kwanza, maana hapo ndipo utajua kama una kazi ya wikiendi au kazi ya miezi. Shika enjini kwa mguu wake wa chini, isukume juu na chini huku mwenzako anautazama ukuta wa nyuma, ukiona unapinda au nyufa kwenye pembe zinafunguka basi hali si nzuri. Gonga na mpini wa nyundo kuanzia juu kushuka mpaka kwenye mrija, mbao nzima inalia ko ko ko, iliyolowa inalia bu bu na mkono wenyewe unahisi. Halafu kwa upande wa ndani toboa vitundu viwili vitatu vya milimita 5, kimoja karibu na mrija, kingine kiganja kimoja kando yake, kingine juu zaidi, usivuke ngozi ya nje, na uangalie unga unaotoka kwenye drili. Mweupe mkavu, mshukuru Mungu. Mweusi unaonata na kunuka kama magome yaliyooza, endelea kutoboa hapo hapo kwa ndani ukizidi kwenda mbali na mrija mpaka ujue uozo umeishia wapi. Kama ni eneo la kiganja tu kuzunguka tundu, inaokolewa. Kama imefika kwenye bolti za enjini, acha habari ya mrija, hapo ni kubadilisha mbao yote ya nyuma na usibebe abiria hata mmoja mpaka hiyo kazi iishe, tafadhali sana.

Kuutoa mrija hakuhitaji nguvu. Saga mdomo wa upande mmoja na grainda ndogo au faili mpaka uishe, taratibu usije ukakata jelikoti, ile ngozi laini ya juu ya faiba, kisha tafuta bomba au rodi yenye unene unaokaribia mrija ugonge kutokea upande huo utoke upande wa pili. Ukikataa, ingiza bledi ya msumeno wa chuma peke yake bila fremu, chana mrija kwa urefu mstari mmoja tu, halafu uukunje kwa ndani na koleo, utaachia. Usikate mpaka ndani ya faiba.

Hapo sasa ndipo watu wanaharibu. Wanatoa mrija wa zamani saa nne asubuhi na saa sita wa mpya umeshaingia, mbao bado inatoa jasho. Ndugu yangu, iache ikauke. Toa enjini, inua pua ya boti juu ili nyuma pawe chini, funika juu na turubai lakini pembeni paachie upepo, na kama una umeme weka balbu ya zamani ya kutoa joto karibu na tundu, iwe karibu tu isiguse, na iwe siku ambayo hakuna petroli humo. Si siku moja. Ni wiki, pengine zaidi, na kwa huku kwetu usijaribu kati ya Machi na Mei wala Septemba mpaka Novemba mvua zikiwa zinamwagika, ngoja Januari au Juni Julai. Najua kila siku boti ikiwa juu hakuna hela. Lakini fikiria hivi, lita 50 za maji zikijificha ndani ya mbao na foma ni kilo 50, huo ni mfuko mmoja wa sementi unaoubeba kila safari, unauchomea petroli, na abiria wako wanakaa chini zaidi majini bila kujua.

Ikishakauka, kwangua mbao yote laini kwenye kuta za tundu na patasi nyembamba mpaka ufikie ngumu. Bandika selotepu nene upande wa nje, chukua epoksi, si ile resini ya kawaida ya faiba, maana resini ya poliesta haishiki mbao vizuri, uipake ndani ya tundu na brashi ya kuoshea chupa ya mtoto. Mbao itainywa. Paka tena kabla haijakauka, na tena, mpaka uone imekataa kunywa na inang'aa. Palipobomoka jaza na epoksi uliyoikoroga na unga wake wa kuongezea unene mpaka iwe kama siagi ya karanga, kesho yake toboa tundu upya katikati, hapo mrija utakuwa umepita ndani ya epoksi tupu na mbao iko mbali kabisa na maji. Mimi hii ndiyo naipenda kuliko zote, hata mbao ikiwa nzima. Kwa njia hii mrija ukija kupasuka tena baada ya miaka mingi, maji yatakuta ukuta.

Koroga kidogo kidogo na asubuhi mapema. Epoksi kwenye joto letu inawaka, ukiijaza kikombe inaanza kufuka moshi mkononi. Na usiongeze hadina, ile dawa ya kuigandisha, ukidhani itakauka haraka, hiyo ni tabia ya poliesta, epoksi ina kipimo chake kimeandikwa kwenye kopo, ukizidisha inabaki laini milele kama sabuni.

Mrija wenyewe sasa. Pima kipenyo cha nje cha ule wa zamani, mingi ni inchi moja yaani milimita 25 na kidogo, na uwe mwembamba, ukuta wa kama milimita moja au chini yake, hii mizito ya mabomba ya nyumba haikunji mdomo inapasuka tu. Ukikosa iliyokwisha kunjwa upande mmoja, mtu wa kukereza vyuma pale Katwe Kampala akipewa sampuli anakutengenezea. Urefu ni unene wa ukuta na oringi zikiwa mahali pake, uongeze milimita 5 za kukunjia. Ukiacha nyingi mdomo unachanika, ukiacha chache haushiki.

Na kabla haujaingia botini, ule upande utakaoukunja ulainishe kwa moto. Kaa kivulini, si juani, kwa sababu kwenye jua hutaiona rangi. Shika mrija kwa koleo, pitisha moto wa gesi kwenye ile ncha tu ukiuzungusha, kwanza utaona rangi zinakimbia, njano kahawia zambarau, kisha ncha inakuwa nyekundu hafifu sana kama makaa yanayokaribia kuzimika. Hapo toa moto, acha ipoe. Ukiona moshi mweupe unapanda umepitiliza, hiyo ni zinki inaondoka, na usiuvute moshi huo. Brasi iliyolainishwa vizuri ukiigonga na nyundo haitoi mlio mkali tena, inatoa kama sauti ya risasi ya kuvulia.

Tundu lisafishe na asetoni, kingo zake zipunguze kidogo na msasa ili oringi ikae. Vaa oringi kwenye mdomo uliokwisha kunjwa, paka Sikaflex ya boti au gundi nyingine ya poliyurethani kuzunguka mrija na kuzunguka tundu, uingize kutokea ndani, kwa sababu ndani hakuna nafasi ya kurusha nyundo. Uingie kwa mkono, ukihitaji kuugonga tundu ni dogo, lipanue. Mwenzako akae ndani ashikilie kipande cha chuma kizito dhidi ya mdomo wa ndani, asilegeze. Wewe nje vaa oringi ya pili, weka gololi kubwa ya beringi, iwe pana kuliko mrija, kwenye ncha, ugonge kidogo kidogo. Si kugonga kwa hasira. Mdomo utaanza kufunguka kama ua, ukifika kama nusu njia badilisha, tumia nyundo ya kichwa cha mviringo uzunguke pembeni, pigo dogo, sogea, pigo dogo, sogea, mpaka mdomo ulale juu ya oringi na gundi itoke kidogo pande zote sawasawa. Ukiona ufa mwembamba unaanza kwenye kingo, simama, utoe, ulainishe mwingine, kwa sababu huo ufa ndio ule ule uliokuandikisha barua hii. Futa gundi iliyozidi, iache wiki nzima kabla ya kushusha boti.

Ule wa juu wa kisanduku cha enjini hauhitaji kizibo, kwa hiyo hapo mimi nisingeweka brasi tena. Sokota kitambaa cha faiba na epoksi juu ya kipande cha paipu ulichokizungushia kavera, yaani mfuko wa plastiki, iliyopakwa nta, mizunguko mitatu minne, ukichomoa una mrija wa faiba, ubandike na epoksi humo, hauna kutu wala mdomo wa kupasuka. Kwa ule wa chini nabaki na brasi kwa sababu kizibo cha mpira kinatanuka ndani yake kila siku na kinataka ukuta laini wa duara.

SWALI

Fundi, mimi ni mama mwenye boti ya faiba huku Panyimur, vijana ndio wanaitumia, mimi siingii majini. Wanasema maji yanaingia usiku ikiwa imefungwa, kila asubuhi wanachota jerikeni mbili tatu. Kizibo ni kipya. Nitajuaje kama ni kizibo au ni mrija, bila kutegemea maneno yao?

Mama wa Panyimur

JIBU

Dada yangu, hii unaweza kuipima mwenyewe nchi kavu na wala huhitaji kujua boti. Waambie waivute juu, waifunge kizibo, waikaushe nje nyuma kabisa kwa kitambaa. Chukua chaki ya shule upake nje kuzunguka mdomo wa mrija, duara nene jeupe, na upake kwenye kizibo chenyewe pia. Kisha wamwage maji kwa ndani nyuma, ya kimo cha kiganja tu inatosha, wasijaze maana uzito utaumiza boti iliyo juu ya magogo. Kaa hapo kama nusu saa na macho yako. Chaki inabadilika rangi ikiguswa na maji hata tone moja. Ikianza kulowa kwenye mpira wa kizibo, tatizo ni kizibo au mrija umekwaruzika kwa ndani, ingiza kidole uupapase, na kama vijana walikuwa wanakikaza kizibo kwa koleo, mrija unaweza kuwa umepoteza duara. Ikianza kulowa kwenye ukingo wa nje wa mdomo, pale unapokutana na faiba, ni mrija, na soma jibu la huyo ndugu wa Majanji kuanzia kwenye kupima mbao. Ikibaki kavu kote, tafuta kwingine, kwenye bolti za enjini na chini ya mkuku.

Kizibo cha mpira nacho, kikilala kwenye petroli na oili ya chini ya sakafu kinavimba au kinakuwa kigumu, kwa hiyo kununua kipya leo si kinga ya mwaka mzima. Nunua viwili, cha pili kifungwe kwa kamba botini, na anayekiondoa boti ikivutwa juu ndiye huyo huyo anayekirudisha, asimwachie mwenzake.

SWALI

Na sisi wenye mitumbwi ya mbao, tuweke mrija wa brasi?

Mvuvi, Kiyindi

JIBU

Hapana kaka. Ubao wako ni mmoja, hakuna kitu kilichofichwa katikati cha kulindwa, na tundu chini ya mtumbwi wa mbao ni mlango mwingine wa kuangalia usiku. Endelea kuchota, na hela ya mrija nunulia pamba na mafuta ya kukalafati ile mishono ya nyuma karibu na enjini, huko ndiko mtikisiko unakofungulia maji.